MAARIFA YASIYO NA MWENYEWE

Ndugu Wanachama,

Hapana siku ipitayo bila ya mmoja wetu kupokea katika simu yake maarifa mapya ya nyumbani: namna ya kutoa kutu, namna ya kufukuza mchwa, namna ya kuifanya betri idumu. Huja mafupi na matamu, na chini yake pameandikwa, "Wapelekee wenzako." Nasi twapeleka. Leo twataka kusema neno juu ya desturi hii, na twaanza kwa kujishitaki wenyewe.

Msimu uliopita simu ya chama, ambayo ndani yake mlikuwamo nambari za wanachama wote na hesabu za mizani, ilitutumbukia katika ndoo ya maji. Tulikuwa tumesoma kuwa simu iliyorowa huzikwa katika mchele. Tukaizika usiku kucha, na asubuhi tukaitia umeme. Haikuwaka tena. Fundi alitufahamisha kuwa mchele haukaushi kuliko hewa ya kawaida, na chembe zake huweza kuingia katika tundu na kuharibu. Kampuni ya Apple nayo, mwaka 2024, iliwaonya wateja wake wasifanye hivyo. Lililotupasa ni kuizima papo hapo, kuifuta, kuigonga polepole tundu la chaji likitazama chini, kuiweka penye upepo, na kutoitia umeme mpaka ikauke barabara. Hesabu zenu zilisalimika kwa kuwa zilikuwamo pia katika daftari.

Hiyo ni hasara ya simu, nayo hulipika. Bibi mmoja, mke wa mwenzetu, alisoma kuwa choo hung'aa kikisuguliwa kwa siki iliyochanganywa na ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Kila kimoja peke yake ni kitu cha kawaida. Lakini vikikutana hutoa hewa ya klorini, nayo ni sumu inayochoma macho na mapafu. Alichanganya mlango ukiwa umefungwa. Lau jirani asingalisikia kikohozi chake, leo tungalikuwa twasema mengine.

Na mwenzetu mwingine alipata maarifa kuwa karafuu mbichi zikilundikwa na kufunikwa plastiki siku mbili kabla ya kuanikwa, hukauka nyeusi na nzito. Zilivunda. Zilipokauka zilikuwa zimepauka na kukunjamana, na mizani haikuzipokea kwa daraja aliyoitaraji. Yeye tangu utotoni alijua kuwa karafuu huchambuliwa siku ile ile ichumwapo, zikatandazwa nyembamba juu ya jamvi, zikageuzwa na kuanuliwa mvua ikitishia. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Watakuja watu waseme kuwa Katibu ataka tuzitupe simu. La, hasha. Mengi yaliyomo ni ya kweli, na ya wazee nayo si yote yafaayo. Mathalan, mafuta ya karafuu hutuliza jino kwa sababu ya yujenoli iliyomo ndani yake, ambayo hutia ganzi, na madaktari wa meno huitumia. Walakini hayaponyi jino lililooza, na mtoto mdogo akiyanywa huweza kudhurika ini. Basi hata hili tulilozaliwa nalo lina mpaka wake.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa kauli haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye kaipokea kwa nani. Mbona twaacha kuuliza hivyo pindi kauli ijapo kwa simu? Twaona yafaa kila mtu ajiulize mambo matatu kabla ya kujaribu au kupeleka. Kwanza, nani aliyeyafanya haya kwa mkono wake? Pili, yakiwa ya uongo, nitapoteza nini? Akipoteza ndimu mbili, na ajaribu. Ikiwa ni macho ya mkewe au magunia ya msimu, na aache. Tatu, yaweza kujaribiwa kwa kidogo? Kibaba kimoja cha karafuu kingalimfundisha mwenzetu yote aliyofundishwa na shamba zima.

Kwa hiyo tumefungua daftari katika ofisi ya chama. Mwanachama mwenye maarifa aliyoyajaribu nyumbani kwake, yawe yamefaa au yamemtia hasarani, na aje aandike jina lake, kijiji chake, alichofanya na kilichotokea. Yatasomwa katika kila mkutano. Msione haya kuandika hasara, kwani hizo ndizo zitakazomwokoa mwenzenu. Ukurasa wa kwanza tumeujaza sisi wenyewe, nao ni wa simu na mchele.

Wassalaam,
Katibu wenu.