Ngazi za kiwanda si ngazi za vyeo

Wadau, leo nasema wazi: sisi waandishi wa programu tunaviharibia viwanda kumbukumbu. Tukipewa kazi, tunaomba orodha ya mabosi na kuigeuza kuwa databesi. Kosa!

Kiwango cha ISA-95, kilichotolewa Marekani mwaka 2000, hupanga mitambo hivi: kampuni, kiwanda, sehemu, laini, mashine. Hapa Masii tuna jirani wa mfano, kiwanda cha maembe cha Kalamba, Makueni. Embe huoshwa, hukamuliwa, rojo hupashwa moto kuua vijidudu, kisha hupakiwa. Mashine moja ikisimama, swali ni laini ipi imekwama. Embe bivu halingoji mkutano wa mameneja.

Nakiri, nami nilikosea. Kwenye kiwanda kimoja cha unga niliandika kila hitilafu chini ya jina la msimamizi. Akahamishwa, historia ya mashine ikahama naye! Fundi alipoteza siku nzima akitafuta ugonjwa tulioutibu mwaka uliotangulia.

Bosi huja na kwenda, mashine hubaki. Kabla ya kuandika msimbo, vaa buti, zunguka kiwandani na fundi. Ni hayo tu kwa leo.