Ukikubali Kukaa na Mbwa wa Ndugu Yako

Desemba ikikaribia, Dar es Salaam huanza kuhama. Tiketi za Moshi na Arusha hutafutwa kwa kujuana, na stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hufurika mabegi. Wenyeji wa nyumba wanakwenda kula sikukuu kwao. Nyuma wanabaki mbwa, na pamoja na mbwa hubaki ndugu: mdogo mtu aliye chuoni, shangazi aliyekuja kutibiwa, binamu ambaye bado anatafuta kazi. Huyo aliyebaki ndiye ninayemwandikia. Ombi langu kwake ni moja: ukishakubali kukaa na mbwa wa mwenzio, mtunze kama mwenzio alivyoagiza, hata pale unapoona maagizo yake yamezidi.

Jibu lake nalijua. "Huyo ni mbwa tu." Au lile la wakubwa zetu: "Sisi tumefuga mbwa tangu tukiwa wadogo, hatujawahi kupewa karatasi ya maelekezo." Ni kweli wamefuga. Mbwa wa kijijini alilala nje, alikula makombo, alifukuza ngedere shambani, na maisha yakaenda. Lakini tusidanganyane, mbwa wale hakuna aliyewahesabu. Aliyekufa kwa mfupa uliomtoboa utumbo tulisema kalishwa sumu na jirani, tukaleta mwingine kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo kauli kwamba "wetu walikula kila kitu na hawakufa" ina walakini mkubwa: waliokufa hawakuingia kwenye hesabu.

Chukua hiyo mifupa ya kuku, maana Krismasi haikosi kuku na mbwa haachi kukodoa macho. Mfupa uliopikwa hukauka, na ukitafunwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kuchana koo au kutoboa utumbo. Pilau nayo imejaa vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vimeiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ubaya wake ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mbwa anakula leo akitingisha mkia, keshokutwa hana nguvu ya kusimama, na hakuna anayekumbuka sinia la juzi. Zabibu kavu, zile za kwenye keki, zinaweza kumharibia figo. Chokoleti ina kemikali ambayo mwili wake hushindwa kuitoa upesi kama wetu, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo hatari. Basi ndugu yako akikwambia "ugali wa dona na dagaa tu, asubuhi na jioni", usimwone bahili.

Na dawa je? Mbwa akichechemea, kuna mtu ataingia chumbani atoke na kidonge cha diklofenaki alichobakiza alipoumwa mgongo. Tafadhali usithubutu. Dawa za maumivu za binadamu za jamii hiyo humletea mbwa vidonda vya tumbo na kumharibia figo. Mpigie daktari wa mifugo, au mpigie mwenye mbwa ampigie.

Sasa tuje kwenye geti, ambalo kwangu mimi ni zito kuliko chakula. Mwenye mbwa amesema asitoke peke yake. Wewe unamwonea huruma, unamfungulia jioni "akanyooshe miguu". Huruma hiyo naielewa, na kweli mbwa wa kufungiwa siku nzima ni wa kuhurumiwa. Ila mtaani kuna mambo mengi kuliko bodaboda. Kama ni jike na yuko kwenye joto, baada ya siku 63 hivi nyumba itakuwa na watoto wa mbwa ambao hakuna aliyewapanga, na wengi wao wataishia jalalani. Kuna pia saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana, na kwa mbwa wanaozurura Afrika si ugonjwa wa nadra.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu kila mmoja wao ameupata kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni karibu na muujiza. Kinga yake inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kuendelea kuchanja. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliufuta ugonjwa huu kabisa, ukarudi mwaka 2016 pamoja na mbwa walioingia kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianze upya mpaka ulipofutwa tena. Kisiwa kizima kilirudishwa nyuma na wanyama wachache waliovuka bila mtu kuwajali. Kwa hiyo mwenzio anapokuachia kadi ya chanjo na kusema tarehe fulani mpeleke akachanjwe, mpeleke. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wa kwenu au wa jirani, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Hayo ni ya mwilini. La ndani zaidi ni kwamba tunapuuza maagizo kwa sababu ya nani ameyatoa. Kijana wa miaka 26 atamwagizaje shangazi yake? Shangazi amemlea na amembeba mgongoni, leo apangiwe jinsi ya kumlisha mbwa! Anasikiliza, anaitikia "sawa mwanangu", kisha anafanya lake. Na kijana, kwa adabu, hawezi kumrudia. Anarudi safari, anamkuta mbwa amekonda, ana kupe masikioni, shingo imechubuka kwa mnyororo ambao haukuwepo, naye anatabasamu na kusema ahsante sana shangazi. Kinyongo kinakaa. Mwakani hasafiri, au haagi.

Wakubwa zetu, hapa nawaomba ninyi kwa heshima zote. Kumfuata mtoto katika jambo la kwake hakuwaondolei ukubwa. Mtoto aliyekukabidhi mnyama wake amekupa amana, na amana hurudishwa ilivyopokelewa. Ungeachiwa shamba la vanila usingeng'oa miche kwa kuwa wewe umezoea migomba.

Tusimsahau pia dada wa kazi. Katika nyumba nyingi ndiye anayemlisha mbwa hasa, na maagizo humfikia yakiwa yamepita midomo mitatu: baba kamwambia mama, mama kamwambia shangazi, shangazi kasema kwa kifupi "mwangalie mbwa". Mambo yakiharibika, lawama zote kwake. Mwenye mbwa, ongea naye uso kwa uso kabla hujaondoka, mwonyeshe kipimo cha chakula kwa bakuli lenyewe, na umpe chochote kwa kazi hiyo ya ziada.

Maana wenye mbwa nanyi mna deni. Wengi wetu hatuombi, tunabwaga. Gari liko tayari, injini inaunguruma, ndipo unasikia "halafu naomba mniangalizie Simba". Hukuacha chakula, hukuacha hela ya daktari wala namba yake, na hukuuliza kama mtu anaogopa mbwa. Wako ndugu zetu Waislamu, hasa wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mwingine atakubali kumwekea chakula na maji kwa mbali lakini hatamshika wala hatamwogesha. Huyo hajakudharau, na ni haki umuulize mapema ili utafute mtu mwingine wa kazi hiyo. Andika maagizo kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, uibandike jikoni. Yasizidi yanayohitajika. Ukurasa wa nne wa maelekezo kuhusu mto anaopenda kulalia mbwa, hata mimi ningeupuuza.

Na wewe unayeombwa, una neno moja ambalo kwetu linatushinda kulitamka: siwezi. Tunaona aibu kumnyima ndugu, tunakubali kwa mdomo, kisha mnyama ndiye anayelipa. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sidhani kuna familia inayotaka kuitafuta sheria hiyo kwa ajili ya ugomvi wa shangazi na mpwa. Kukataa wiki mbili kabla ya safari ni msaada. Kunampa mwenzio muda wa kumuuliza rafiki, jirani, au daktari wa mifugo anayepokea mbwa wa kulala.

Likitokea la kutokea, amekula pilau, ametoroka, au umempiga kwa hasira akaumia, mpigie mwenyewe saa hiyohiyo. Usingoje arudi, na usiwafundishe watoto la kusema. Aliyemeza kitu kibaya huweza kusaidiwa akifika kwa daktari ndani ya saa chache, na daktari hawezi kumsaidia asipoambiwa alichokula.

Kwa hiyo kabla hamjakata tiketi mwaka huu, kaeni kikao kifupi: anayesafiri, anayebaki, na dada wa kazi akiwemo. Semeni nani atalisha, nani atafunga geti usiku, pesa ya daktari iko wapi. Anayeweza aseme naweza, asiyeweza aseme sasa.