Kalunguyeye, Mfalme na Mashimo ya Sotik



Wazazi wenzetu walioko Kericho na Bomet, watu wa pwani waliopelekwa huko na kazi na biashara, hutuuliza kuhusu katuni wanazozitazama watoto wao mvua ya alasiri inapowafungia ndani. Leo twaichukua moja iwe mfano.

Ni katuni ya Sonic, kalunguyeye wa buluu aliyezaliwa katika mchezo wa video wa kampuni ya Sega mwaka 1991, kisha mwaka 1993 akatengenezewa katuni ya sehemu 65. Katika sehemu iitwayo Hedgehog of the Hound Table, adui yake Robotnik arudi hadi enzi za mashujaa wa mavazi ya chuma kusaka jiwe la ajabu, naye Sonic amfuata ili amzuie. Kisa kimechotwa katika hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza na meza yake ya mviringo.

Hatusemi izimwe. Kumzuia mdhalimu ni jambo jema, hata likifanywa na kalunguyeye. Mambo ya uchawi mtoto aelezwe papo hapo kwamba ni mchezo, na kwamba nguvu zote ni za Mwenyezi Mungu. Linalotushughulisha zaidi ni jingine. Mtoto alishwaye visa hivi pekee hukua akidhani kwamba zama za kati zilikuwa za Ulaya tu, na kwao kulikuwa kichaka kitupu. Na asiyejua kwamba wazee wake walikuwa watu wa heshima, huanza kuionea haya lugha yao, kisha mavazi yao, mwisho dini yao.

Basi aambiwe. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa, akawasifu wenyeji kwa uchaji Mungu, akaeleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na maji yaliyowekwa mlangoni ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia.

Wala mtoto wa Bomet hana haja ya kungoja likizo ya pwani. Chemagel, karibu na Sotik, yapo mashimo ya Wasirikwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale walibainisha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba ya mfugaji ilishikamana na zizi lake. Wafugaji hao waliishi nyanda hizo takriban tangu mwaka 1200 hadi miaka ya 1700. Mashamba makubwa ya chai, ambayo mtoto huyaona kama yamekuwapo tangu dunia iumbwe, yalianza miaka ya 1920. Arthur wanahistoria hawajathibitisha kuwa aliishi. Zizi la mviringo la Sotik alama yake ingali ardhini.

Kwa hiyo, mama na baba, katuni ikiisha msiondoke. Mwulizeni mtoto: wakati ule, hapa petu paliishi nani? Asipojua, mpelekeni kwa jirani mzee wa Kikipsigis amsimulie habari za Wasirikwa, nanyi msimulieni jirani habari za Mombasa. Mkipata nauli, mtembezeni makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru, akayaone mashimo kama hayo kwa macho yake. Ujirani utakua, na mtoto atajua kwamba alikotoka na anakoishi pote palikuwa na watu.

Wabillahi tawfiq.