Misuli Haijengwi kwa Vidonge

Katika kambi za mashariki ya Uganda, tangu Jinja penye chimbuko la Nile hadi Mbale chini ya mlima Elgon, hawakosekani vijana wa jeshi na wa polisi wanaotamani kuongeza uzito. Mmoja ni bondia anayetaka kupanda daraja. Wa pili anacheza raga, na kila anapokabiliwa na jitu la timu nyingine hupeperushwa kama jani. Wa tatu ni kuruta mwembamba ambaye wenzake wamekwisha mpa jina la ufito. Nia ya vijana hawa ni njema, nasi twaiunga mkono. Tunalolipinga ni njia ya mkato: kutoa mshahara wa jasho kununua vidonge vya kunenepesha ambavyo hakuna daktari aliyeviandika.

Inafaa askari ajue anachokimeza. Miongoni mwa vidonge vinavyotumiwa ovyo kwa kazi hiyo ni deksamethasoni, dawa halali ya hospitali iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Mtumiaji huvimba uso, maji hujaa mwilini, na mizani hupanda. Yeye hufurahi, lakini kumbe amedanganywa. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huila misuli ya mapaja na mabega, hudhoofisha mifupa, huongeza sukari katika damu na kupunguza kinga ya mwili. Hivyo kijana aliyetafuta nguvu huondoka na uzito usio na nguvu. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla, kwani hilo nalo lina hatari. Na aende zahanati aeleze ukweli.

Ama zile dawa za homoni zinazokuza misuli kweli, hizo ni marufuku michezoni. Mwaka 1988, huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alinyang'anywa medali ya dhahabu ya mita 100 kwa sababu hiyo. Askari aliyeapa kulinda sheria hawezi kushinda kwa kuivunja.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Mwaka 1972, huko Munich, askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza chini ya sekunde 48. Katika mazoezi yake alikuwa akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi. Mzigo, subira na marudio ndivyo vilivyomjenga.

Watatuambia wengine: "Chakula cha kambi ni posho na maharagwe, misuli itatoka wapi?" Tunajibu kwamba itatoka humo humo, ila kipimo kibadilike. Mwanamichezo anayejenga misuli anahitaji kadiri ya gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 65 basi atafute gramu 104. Unga wa mahindi gramu 400 humpa kama 30. Maharagwe makavu gramu 200 humpa zaidi ya 40. Karanga gramu 50 kama 12. Mukene mkavu gramu 30 zaidi ya 15. Na yai moja gramu 6. Hapo amekwisha fika, au amebakiza kidogo sana. Tena posho na maharagwe ni ndugu wanaosaidiana, kwani kinachopungua katika protini ya mahindi hupatikana katika maharagwe.

Vitu hivyo havitoki ng'ambo. Mukene huvuliwa katika ziwa lile lile linaloonekana kutoka Jinja, na hushushwa hapo Masese. Huko Mbale, Wagisu hupika malewa kwa karanga zilizosagwa. Machipukizi yale ya mianzi pekee hayana nguvu nyingi. Karanga ndizo zinazoujenga mwili. Askari akiongeza matoke, viazi vitamu, maziwa au parachichi, atapata na nguvu ya kufanyia kazi.

Neno hilo la kazi lina uzito wake. Askari hukimbia alfajiri, huenda gwaride na kusimama lindo. Anayekimbia kila siku kuelekea miinuko ya Wanale hukiunguza chakula ambacho kingemjenga. Ni lazima ale zaidi ya anachotumia, kadiri ya kalori 300 hadi 500 kwa siku. Mizani ikipanda nusu kilo kwa wiki, hiyo ni mwendo mzuri. Ikipanda kwa pupa na mshipi wa kiunoni ukabana kabla ya mikono ya shati, ajue kwamba anajenga kitambi.

Chakula bila mzigo hakitoshi. Siku tatu kwa wiki, zenye mapumziko kati yake, zinamfaa anayeanza: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka chini, kukisukuma juu ya kifua, na kujivuta kwenye mhimili. Afanye mikupuo mitatu ya mara 8 hadi 12. Akizimaliza zote bila taabu, aongeze uzito kidogo. Pasipo vyuma vya dukani, bomba lenye mikebe ya saruji kwenye ncha zake litatosha, au gunia la mchanga, mradi mwenzake awe karibu kumwangalia. Kisha alale, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Hapa tunageukia wakubwa wetu. Kijana hajigawii chakula katika bwalo, wala hajipangii lindo. Tunaamini kwamba kamanda anayetaka kombe hana budi kuruhusu upawa wa pili wa maharagwe kwa wachezaji wake, kuwatengea pahali pa kunyanyua vyuma, kuwapima kila mwezi, na kutomweka lindo usiku kucha mtu aliyebeba vyuma jioni ile. Gharama ya haya ni ndogo kuliko kitanda cha hospitali. Na yule aitwaye ufito asidhihakiwe, kwa sababu dhihaka ndiyo inayompeleka kwa muuza vidonge.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kilo tatu au nne za misuli ya kweli huweza kuchukua miezi mingi, lakini zikijengwa hivyo ni zake, naye atazibeba ulingoni, uwanjani na kazini. Ndugu askari, anzeni na sahani iliyo mbele yenu leo.