Akiba Haiozi, Ila Ikiwekwa Mbichi

Wakazi wa visiwani hawana haja ya kufundishwa kuvu ni nini. Masika yakishika, nguo zilizokunjwa kabatini hunuka uvundo, viatu huota ukungu, na kuta za vyumba visivyopata upepo hutoka madoa meusi. Na tangu viyoyozi vilipozoeleka maofisini na majumbani, kuvu imepata makao mapya. Hewa ya bahari yenye unyevu ikigusa mabomba baridi ya chombo hicho hutoa maji, kama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji hayo yakituama pamoja na vumbi kwa sababu mrija wake umeziba, kuvu huota humo, na kila kiyoyozi kinapowashwa vumbi lake hupulizwa puani mwa watu. Mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia.

Dawa yake inajulikana. Chujio lioshwe na kukaushwa, mrija uzibuliwe, na chumba kipate hewa. Kupaka rangi juu ya doa au kupuliza manukato ni kujidanganya, kwani kuvu haikomi mpaka uondolewe unyevu unaoilisha. Tunayasema haya si kwa ajili ya viyoyozi peke yake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoamua usalama wa chakula chetu, huko kinakotoka, mahali ambapo kiyoyozi ni kitu adimu.

Tuchukue mfano wa Msangano, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Hili ni bonde la joto katika ukanda wa Ziwa Rukwa. Mkulima wa huko, kama wenzake wengi nchini, mara nyingi huhifadhi mahindi yake ndani ya nyumba anamolala, kwa kuhofia wezi na mvua. Mchana bati huwaka kwa jua, na usiku hupoa. Mahindi yaliyofungwa kabla ya kukauka hutoa mvuke wakati wa joto, na baridi ya usiku huugeuza mvuke huo kuwa umande juu ya punje. Yanayotokea ndani ya kiyoyozi kichafu hutokea pia ndani ya gunia, na mwenye nyumba hana habari.

Tofauti ni kwamba kuvu ya gunia huweza kuua. Baadhi ya aina zake hutoa sumu ambayo wataalamu wetu wameiita sumukuvu. Dunia iliitambua baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 msiba huo ukafika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 kati yao wakapoteza maisha. Sumu hii haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza, Msangano inamhusu nini? Inamhusu kwa sababu sehemu kubwa ya unga wa sembe anaopikia ugali hutoka bara. Gunia lililofungwa bichi haliponi kwa kuvuka bahari. Likifikia ghala lenye unyevu wa pwani, hali yake huzidi kuwa mbaya. Tena tusisahau kuwa mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii, na ilipoyaruhusu tena baada ya siku chache iliweka sharti la cheti cha upimaji. Jirani akitukatalia mahindi, hatuna budi kujiuliza tunakula nini sisi wenyewe.

Wapo wanaomlaumu mkulima kwa uvivu na ujinga. Hatukubaliani nao. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mkulima mwenye kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, akizikausha hadi kiwango hicho, hubakiwa na kilo zipatazo 95. Mchuuzi anayekuja na mizani peke yake, bila kipimo cha unyevu, atamlipa kilo 95 yule aliyekausha, na kilo 100 yule aliyeuza maji. Kwa bei ya namna hiyo, mwaminifu ndiye anayeadhibiwa. Mafunzo na semina haziwezi kushinda hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali, kwa heshima zote, iagize kipimo cha unyevu kiwepo katika kila kituo cha kununulia nafaka vijijini, Msangano ikiwemo, na bei ya mahindi makavu iwe juu ya bei ya mahindi mabichi. Vyama vya ushirika vipatiwe maturubai ya kuanikia kabla ya mavuno kuanza, si baada yake. Nao wakaguzi wa Zanzibar na wa bara wapime shehena kabla haijapakiwa, badala ya kungoja ifike bandarini.

Mkulima naye ana wajibu wake. Asianike mahindi juu ya udongo mtupu. Atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise. Chumvi ikigandia kwenye chupa, arudishe mahindi juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizooza zitengwe na kutupwa. Asipewe kuku, isipikiwe pombe, wala asiuziwe maskini kwa bei nafuu. Mifuko isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa, lakini haikaushi kilichoingizwa kibichi.

Sisi wa visiwani tuanze na viyoyozi vyetu na maghala yetu, kisha tudai unga uliopimwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema hivyo wakiwa wameianika kwanza. Maofisa wanaohusika wasingoje orodha nyingine ya marehemu ndipo wanunue vipimo.