Rupia za kale: Hata iliyo halali haina mamilioni

UVUMI kwamba kuna mabwanyenye walio tayari kutoa mamilioni ya shilingi kwa sarafu moja ya rupia umekuwa ukizuka na kufifia magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi. Kutoka Kitale hadi Bungoma, hadithi ni ile ile: sarafu iliyozikwa na babu, mnunuzi asiyetajwa jina, na kitita kisichohesabika.

Mbinu ya walaghai si ngeni. Mtu mtanashati hujitokeza akidai kusaka rupia, hutaja bei ya kutisha, kisha huacha nambari ya simu. Siku chache baadaye hufika mwingine, aghalabu mwenye mavazi ya kimaskini, akiwa na sarafu hiyo hiyo na shida ya dharura. Mkulima ambaye ametoka kuuza mahindi yake humlipa huyu wa pili akitarajia kumuuzia yule wa kwanza. Anapopiga simu, imezimwa. Karo ya watoto na mbolea ya msimu ujao vimekwenda na wageni hao wawili.

Ulaghai huu unashamiri kwa sababu umejengwa juu ya ukweli. Rupia ya India ndiyo iliyokuwa sarafu ya utawala wa Uingereza katika Afrika Mashariki hadi 1920, ilipochukuliwa nafasi na florini na, mwaka uliofuata, shilingi. Vibarua kutoka India waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walilipwa kwa rupia. Kodi ya nyumba ilitozwa kwa rupia, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918 walipata ujira wao kwa sarafu hizo. Neno pesa lenyewe ni jina la kigawanyo kidogo cha rupia. Hivyo basi, mzee wa Bungoma mwenye rupia mbili ndani ya kibuyu si lazima awe mwongo.

Swali ni iwapo sarafu aliyo nayo ni ya fedha, kwa maana ya madini. Kipimo cha kwanza ni mizani. Rupia halali iliyotengenezwa kuanzia 1835 ina uzani wa gramu 11.66, na kipenyo chake ni milimita 30 na ushei. Uzani huo ni tola moja kamili, kipimo ambacho sonara anakijua kama mwenye duka anavyoijua kilo. Rupia iliyochakaa kwa kupita mikononi hupungua kidogo. Iliyopungua kwa gramu mbili ni ya kutiliwa shaka.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo chochote ila kusoma. Malkia Victoria alifariki Januari 1901, na rupia ya kwanza yenye sura ya Mfalme Edward wa Saba ina mwaka 1903. Mfalme huyo naye alifariki 1910. Kwa hiyo, rupia ya Victoria yenye mwaka 1905, au ya Edward yenye mwaka 1915, haikuwahi kutoka katika kiwanda chochote cha serikali. Zipo pia sarafu zenye jina la kampuni ya East India, picha za miungu ya Kihindu na mwaka 1818. Hizo ni vipande vya mahekalu, wala hazikuwahi kuwa pesa.

Sumaku, ambayo watu wengi huitegemea, husaidia nusu tu. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba na risasi pia hazivutwi. Isitoshe, rupia ya 1947 yenye picha ya chui milia huvutwa ilhali ni halali, kwa kuwa ni ya nikeli. Haina fedha hata chembe. Zile za 1940 hadi 1945 zina fedha nusu tu, tofauti na za awali zenye asilimia 91.7. Ukingo nao utazamwe: meno yake madogo huwa yamelingana, na mstari wa kuunganisha pande mbili ni dalili ya sarafu iliyomiminwa katika kalibu.

Hata hivyo, tuseme sarafu imefaulu mitihani yote. Fedha halisi iliyomo ni gramu 10.7 hivi, yaani takriban theluthi moja ya aunsi. Mwenye sarafu anaweza kuchukua bei ya aunsi moja ya fedha katika soko la dunia na kuigawa kwa tatu. Wakusanyaji huongeza kitu juu ya hapo kwa mwaka adimu au kwa rupia ya Mombasa ya 1888 yenye jua na mizani, lakini Victoria wa kawaida alitengenezwa kwa mamilioni. Bei inayotangazwa vijijini haikaribii hesabu hiyo. Bei hiyo ndiyo inayomfichua tapeli, hata kabla ya mizani kutolewa.

Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana huongeza dai la zebaki iliyofichwa ndani ya sarafu au la nguvu ya kuvuta punje za mchele. Madai ya aina hii hayana mipaka: mwaka 2009 watu nchini Saudi Arabia waligombania cherehani kuukuu za Singer wakiamini zina zebaki nyekundu.

Kisheria, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni hadi miaka mitatu gerezani. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inavihesabu vitu vilivyoingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvisafirisha nje kunahitaji kibali. Mnunuzi anayedai kuwakilisha tajiri wa ng'ambo angepaswa kuwa na karatasi hiyo. Ni nadra mkulima kuiulizia.