Maji ya Mvua na Mshahara wa Karani

Twajua sote mshahara huishia wapi, lakini ni wachache wahesabuo fedha ya maji. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, mji wa Dar es Salaam ulipata maji kwa mgao, na wengi walinunua debe kwa debe. Hali kila masika maji hushuka bure juu ya mabati yetu na kupotea mtaroni.

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 25, hupokea lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Toa 10 yamwagikayo.

Husemwa, “Nyumba ni ya kupanga, ya nini kumtengenezea mwenyewe?” Udhuru huu siukubali. Mchirizi uliofungwa kwa waya hufunguliwa, na pipa husafiri na mwenyewe siku ya uhamisho. Maji ya kwanza yaachwe yaoshe paa. Pipa lifunikwe, mbu wasizae humo. Ya kunywa yachemshwe.

Vuli huanza Oktoba. Mshahara wa Septemba na ununue pipa kabla ya viatu.